Spiriti ina majina mengi: Chupa moja yaweza kuharibu mzigo mzima wa plastiki

WAFANYABIASHARA wadogo wengi wa Afrika Mashariki wanaoishi ughaibuni hujiongezea kipato kwa kukusanya vitu vilivyokwisha kutumika na kuvisafirisha nyumbani. Kompyuta, printa, simu, redio, feni, viti vya watoto, vyombo vya jikoni na helmeti za pikipiki hupakiwa kwenye makontena, halafu huuzwa kwenye maduka na vibanda vya miji yetu. Karibu vyote vimetengenezwa kwa plastiki, na karibu vyote hupatikana vikiwa na stika za bei, gundi, wino, mafuta ya mikono na vumbi lililoganda.

Katika biashara hii usafi ndio unaoamua bei. Mnunuzi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue hafungui kompyuta kwanza ili aone ndani kuna nini. Hutazama kava. Kava likiwa linang'aa, mazungumzo ya bei huanzia juu. Likiwa na gundi nyeusi na mikwaruzo, huanzia chini, hata kama mashine yenyewe ni nzima.

Tatizo huanza pale maji na sabuni vinaposhindwa. Nyumbani fundi humwambia kijana wake, "Niletee spiriti," na kijana hurudi nayo. Lakini aliyehamia Hamburg, Birmingham, Amsterdam au Minneapolis akiingia dukani hakuti jina hilo, au hukuta chupa tano zenye majina yanayofanana, na kila moja ina kitu tofauti ndani. Anayechukua ya kwanza mkononi anaweza kufuta stika na kufuta kava lenyewe pamoja nayo.

Hasara hiyo inaepukika. Siri yake ni mbili tu: kununua dawa kwa jina lake la kikemia badala ya jina la dukani, na kuitambua plastiki kabla ya kuigusa.

KWA NINI PLASTIKI HUYEYUKA

Kimiminika kinachoyeyusha uchafu ambao maji hayawezi kuuondoa huitwa kiyeyushi. Petroli, mafuta ya taa, thina, spiriti na asetoni vyote ni viyeyushi. Kila kimoja kina vitu kinavyoviweza na vitu kisivyoviweza. Gundi ya stika ni jamii ya plastiki laini, kwa hiyo kiyeyushi chenye nguvu ya kuondoa gundi mara nyingi kina nguvu pia ya kuila plastiki iliyo chini yake.

Asetoni ndiyo mfano mzuri zaidi. Ndiyo iliyomo katika dawa nyingi za kutolea rangi ya kucha. Ikimwagwa kwenye ndoo ya kawaida ya plastiki haifanyi kitu kwa dakika chache, na ndiyo maana yenyewe huuzwa ndani ya chupa za plastiki. Lakini ikigusa kava la kompyuta au la redio, sehemu iliyoguswa hulainika na kunata kama ubani uliotafunwa, kisha hukauka ikiwa na baka jeupe lisilotoka tena.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ya kucha iliyoandikwa kuwa haina asetoni ni salama. Si hivyo. Nyingi kati ya hizo zimetiwa kiyeyushi kingine kiitwacho ethili asetati, ambacho nacho hula kava za aina hiyo hiyo.

Kuna madhara mengine ambayo hayaonekani siku hiyo. Plastiki iliyobanwa kwa skrubu, au iliyokunjwa wakati wa kutengenezwa, hubaki na mvutano ndani yake. Kiyeyushi kikipenya mahali hapo, nyufa nyembamba kama nywele huweza kutokea baada ya saa chache au siku kadhaa. Mtu hufunga mzigo ukiwa mzuri, na mpokeaji huufungua ukiwa umepasuka. Hapo aliyetuma humlaumu msafirishaji, na mpokeaji humlaumu aliyetuma, kumbe mkosaji ni chupa.

MAJINA YANAYOWACHANGANYA WAGENI

Dawa inayofaa kwa kazi nyingi za kusafisha kava ni alkoholi ya isopropili. Huondoa gundi nyepesi, wino wa kalamu za alama na mafuta ya mikono, hukauka haraka, na haiachi utando ikiwa safi. Mwaka 2020 kampuni ya Apple ilibadilisha maelekezo yake na kuruhusu nyuso ngumu za simu na kompyuta zake zifutwe kwa kitambaa chenye alkoholi hiyo ya asilimia 70.

Ugumu ni kwamba kila nchi huiuza kwa jina lake.

Marekani huuzwa kwenye maduka ya dawa kwa jina la "rubbing alcohol", mara nyingi ikiwa ya asilimia 70 au 91. Hata hivyo baadhi ya chupa zenye jina hilo zina ethanoli badala ya isopropili, na nyingine za kijani zimetiwa rangi na manukato ya kuchua misuli. Hizo za kijani hazifai kusafishia kitu cheupe.

Uingereza mgeni akiomba "rubbing alcohol" huenda akapewa "surgical spirit". Hiyo ni ethanoli iliyochanganywa na vitu vingine, yakiwemo mafuta ya nyonyo yanayolainisha ngozi. Kwa mgonjwa ni jambo jema, lakini kwenye kava la simu mafuta hayo huacha utando unaokamata vumbi upya. Anayetaka isopropili Uingereza atafute chupa iliyoandikwa "isopropyl alcohol" au "isopropanol", hasa kwenye maduka ya vifaa vya umeme na vya kompyuta.

Huko huko Uingereza ipo "methylated spirit" yenye rangi ya zambarau, ambayo inaweza kuacha doa kwenye plastiki nyeupe. Ipo pia "white spirit", ambayo si spiriti hata kidogo. Ni mafuta ya petroli yaliyosafishwa, ya kusafishia brashi za rangi, na Wamarekani huyaita "mineral spirits". Hatari kuliko zote ni "spirits of salts". Jina linafanana na nyingine, lakini ndani yake mna asidi ya hidrokloriki, ambayo mafundi huitumia kusafishia mabomba na saruji. Huunguza ngozi na macho.

Mkenya aliyezoea kuyaita mafuta ya taa "paraffin" ataeleweka London. Akifika Marekani na kutaja neno hilo ataonyeshwa nta ya mishumaa, kwa sababu huko mafuta ya taa huitwa "kerosene".

Ujerumani mambo ni rahisi kwa anayejua herufi. "Isopropanol" huuzwa kwa jina hilo hilo kwenye maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi. "Brennspiritus" ni ethanoli ya kuwashia moto, ambayo imetiwa vitu vya kuifanya isinyweke. "Waschbenzin" ni mafuta mepesi ya kuondolea madoa. "Benzin" peke yake ni petroli ya gari.

Uholanzi nako "spiritus" huwa na rangi ya buluu. "Terpentine" na "terpentijn" hutofautiana kwa herufi chache tu, lakini ya kwanza hutokana na petroli na ya pili hutokana na utomvu wa misonobari.

Mtego mwingine uko katika lugha ya Kifaransa, na huu unawagusa Waswahili wenyewe. Kwa Mtanzania au Mkenya, petroli ni mafuta ya gari. Kwa Mkongo wa Bukavu au Lubumbashi aliyezoea Kifaransa, "pétrole" ni mafuta ya taa, na mafuta ya gari ni "essence". Wawili hawa wakikutana Brussels na mmoja akamwambia mwenzake asafishe mashine kwa petroli, wanaweza kuwa wanazungumzia vitu viwili, na kimojawapo huwaka kwa cheche ndogo sana.

Ghuba nako neno "banzin" ni petroli ya gari, sawa na kwa Wajerumani. Lakini katika Kiingereza neno linalokaribiana nalo, "benzene", ni kitu kingine kabisa. Ni kemikali ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeiweka katika kundi la kwanza, yaani la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Hiyo si ya kusafishia kitu chochote nyumbani.

NAMBA HAZIBADILIKI KWA LUGHA

Mgeni asiyejua lugha ya nchi anayo njia ya kujisaidia. Kila kemikali ina namba yake iitwayo namba ya CAS, ambayo ni ile ile Tokyo, Muscat na Toronto. Mara nyingi huandikwa kwenye lebo ya nyuma ya chupa au kwenye karatasi ya usalama ya bidhaa, ambayo muuzaji anaweza kuombwa aionyeshe.

Alkoholi ya isopropili ni 67-63-0. Ethanoli ni 64-17-5. Asetoni ni 67-64-1. Methanoli ni 67-56-1. Tolueni, ambayo hupatikana katika thina nyingi, ni 108-88-3.

Namba ya isopropili na ya asetoni zinakaribiana mno. Anayesoma haraka huweza kuchukua 67-64-1 akidhani amepata 67-63-0, na kava zake zikaishia jalalani. Inafaa kuziandika kwenye karatasi au kwenye simu na kuzilinganisha tarakimu kwa tarakimu.

Methanoli nayo imewekwa katika orodha hii ili iepukwe. Ni sumu inayoweza kupofusha na kuua, na huingia mwilini kwa kunywewa, kwa kuvutwa pumzi na hata kwa kupita kwenye ngozi. Mwezi Mei mwaka 2014 makumi ya watu walifariki nchini Kenya baada ya kunywa pombe iliyochanganywa nayo. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kuikuta katika baadhi ya dawa za kutakasa mikono. Hakuna sababu ya kuitumia kusafishia kava la redio.

Lebo zina msaada mwingine. Tangu Umoja wa Mataifa ulipopitisha mfumo mmoja wa alama za kemikali mwaka 2003, nchi nyingi zimeanza kutumia michoro inayofanana, ndani ya pembe nne zenye mpaka mwekundu. Mwali wa moto maana yake kitu kinawaka. Fuvu na mifupa ni sumu kali. Mkono na chuma vinavyomwagiwa kimiminika ni kitu kinachounguza. Mwenye kuzijua alama hizi hawezi kuuziwa asidi akidhani ni spiriti.

KUITAMBUA PLASTIKI

Baada ya chupa, zamu ya plastiki. Mwaka 1988 chama cha watengenezaji plastiki cha Marekani kilianzisha namba kutoka 1 hadi 7, ambazo hupigwa chini ya chombo ndani ya alama ya pembetatu.

Namba 1 ni ya chupa za maji na soda. Namba 2 ni ya madumu na mapipa magumu. Namba 3 ni PVC, ile ya mabomba. Namba 4 ni ya mifuko na karatasi laini za nailoni. Namba 5 ni polipropilini, ambayo hutengenezewa ndoo, makopo ya chakula na viti. Namba 6 ni polistairini, ikiwemo ile ya maboksi meupe mepesi yanayofungashiwa televisheni. Namba 7 ni nyingine zote.

Namba 2, 4 na 5 ndizo ngumu zaidi mbele ya viyeyushi. Hizo hustahimili isopropili bila shida, na asetoni kwa muda mfupi. Namba 6 ndiyo dhaifu. Petroli, thina na asetoni huiyeyusha mara moja. Hata mafuta yanayotoka kwenye ganda la chungwa huila, na dawa nyingi za kuondolea stika zenye harufu ya machungwa zimetengenezwa kwa mafuta hayo.

Kava za kompyuta, printa na simu kwa kawaida hazina pembetatu. Badala yake, ndani ya kifuniko cha betri au nyuma ya kava huandikwa herufi kati ya alama mbili za mishale, kwa mfano >ABS<, >PC< au >PC+ABS<. ABS ni plastiki ya kava nyingi za vifaa vya umeme. PC ni polikaboneti, ile ngumu inayoonyesha, ambayo hutumika pia kwenye taa za mbele za magari. Zote mbili husafishwa kwa sabuni, na kwa isopropili kwa muda mfupi. Zote mbili huharibiwa na asetoni, thina na petroli.

Akriliki, ile inayofanana na kioo na hutumika kwenye vibao vya matangazo na baadhi ya vioo vya saa, ni ya kuangaliwa zaidi. Hata alkoholi inaweza kuitia nyufa ndogo ndogo. Kwa hiyo ni maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini basi. Dawa za kusafishia madirisha zenye amonia nazo zisiguse akriliki wala polikaboneti.

HATUA KWA HATUA

Mafundi wazoefu huanza na dawa dhaifu na kupanda taratibu. Hatua ya kwanza ni kuchomoa waya na kutoa betri. Ya pili ni kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kilichokamuliwa vizuri. Uchafu mwingi huishia hapo, na aliyeanza na thina amepoteza fedha bure.

Kwa stika, hatua ya tatu ni mafuta ya kupikia. Stika hubanduliwa karatasi yake, mafuta hupakwa juu ya gundi na kuachwa kwa dakika kumi hadi kumi na tano, kisha gundi hukwanguliwa kwa kadi ya plastiki au ukucha, si kwa kisu. Mwisho sabuni huondoa mafuta. Njia hii haina harufu kali, na mafuta ya alizeti hayahitaji kutafsiriwa katika duka lolote duniani.

Hatua ya nne ndiyo isopropili. Hulowekwa kwenye pamba au kitambaa, haimwagwi kwenye kava. Kwa kava la nje asilimia 70 inatosha. Kwa sehemu za ndani, kama mahali pa kuchajia na kwenye vibao vya umeme, mafundi hupendelea ya asilimia 99, kwa sababu ile ya 70 ina maji yanayochelewa kukauka.

Kabla ya hatua hiyo lazima kuwe na jaribio. Tone moja huwekwa mahali pasipoonekana, kama vile chini ya kifaa au ndani ya kifuniko cha betri, na kufutwa kwa kitambaa cheupe baada ya dakika moja. Kitambaa kikitoka na rangi ya kava, au mahali hapo pakinata au kupauka, dawa hiyo si ya plastiki hiyo. Kwa mzigo mkubwa wa vitu vya aina moja ni busara kusafisha kimoja na kukiacha mpaka kesho yake kabla ya kuendelea na vingine.

Jaribio hilo linahitajika hata kwa isopropili, kwani inaweza kufuta maandishi ya vitufe na chapa iliyopigwa juu ya kava. Kwa upande mwingine, ndiyo inayotoa ule utando wa mpira unaonata kwenye vifaa vya zamani.

Kuna jambo moja ambalo halina kiyeyushi. Kava la ABS lililokuwa jeupe na likageuka njano halina uchafu. Mwanga wa jua na hewa vimeibadilisha plastiki yenyewe. Kulisugua kwa dawa kali ni kulichakaza tu.

HELMETI SI YA KUCHEZEA

Vitu vingine vikiharibika hasara ni fedha. Helmeti ikiharibika hasara ni roho. Kofia hizi hununuliwa zikiwa zimetumika na huletwa nyumbani kwa waendesha bodaboda. Nyingi zina ganda la polikaboneti au ABS, na ndani yake mna polistairini nyepesi, ile inayomeza kishindo cha ajali.

Kanuni ya usalama ya Marekani kuhusu helmeti, namba 218, inamtaka mtengenezaji aweke onyo kwamba baadhi ya vitu vya kawaida vinaweza kuiharibu vibaya bila uharibifu huo kuonekana kwa macho. Petroli na thina ni miongoni mwa vitu vya kuepukwa. Helmeti iliyofutwa stika kwa petroli inaweza kung'aa kuliko nyingine zote sokoni na isimkinge mtu siku ya kuanguka. Helmeti husafishwa kwa maji na sabuni isiyo kali tu, na ile ambayo historia yake haijulikani ni heri iachwe.

MOTO, MVUKE NA MIZIGO

Wengi wa wanaofanya kazi hii ughaibuni huifanya chumbani au kwenye gereji, tena wakati wa baridi, madirisha yakiwa yamefungwa na hita ikiwaka. Hapo ndipo hatari ilipo. Mvuke wa asetoni unaweza kushika moto hata chini ya nyuzi sifuri. Wa isopropili huanza kuwa na hatari kwenye nyuzi 12 hivi, yaani chini ya joto la chumba cha kawaida. Mvuke huu ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na unaweza kuifikia hita iliyo mbali.

Kwa hiyo dirisha linapaswa kuwa wazi, kiasi kinachotumika kiwe kidogo, na vitambaa vilivyolowa vianikwe nje mpaka vikauke kabla ya kutupwa. Dawa zisichanganywe. Jiki haichanganywi na asidi, amonia wala spiriti, kwani gesi zinazotoka zinaweza kuua.

Dawa za kubandulia rangi zenye daikloromethani nazo zimewahi kuua watu waliozitumia kwenye vyumba vilivyofungwa. Mwaka 2019 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilipiga marufuku kuuzwa kwake kwa watumiaji wa kawaida, na Ulaya ilikuwa imetangulia.

Aliyeipata dawa nzuri asijaribu kumtumia ndugu yake kwenye sanduku la ndege au kwa posta. Viyeyushi vinavyowaka haviruhusiwi kwenye mizigo ya abiria. Ni bora kumtumia jina na namba ya CAS, naye akaitafute kwenye maduka ya kemikali ya mjini kwake.

HESABU YAKE

Mfano mdogo unatosha. Mtu akinunua kibodi 40 kwa euro 3 kila moja, ametoa euro 120. Akiharibu 15 kwa asetoni, amepoteza euro 45 za kununulia. Gharama ya nafasi kwenye kontena bado ni ile ile kwa zile 25 zilizobaki, na faida aliyoitarajia kwa zile 15 imekwenda. Fedha hizo zingetosha kununua chupa sahihi na ibaki ya kutumia mizigo mingine.

Kuna sababu nyingine ya kutopeleka vilivyoharibika. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2012 kuhusu taka za umeme, anayesafirisha vifaa vilivyotumika anatakiwa kuwa na ushahidi kwamba kila kimoja kimepimwa na kinafanya kazi, na kwamba vimefungwa vizuri visiumie njiani. Visivyotimiza hayo huweza kuhesabiwa kuwa taka. Tangu Januari 1, 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za umeme, ziwe na sumu au zisiwe nayo, zisivuke mipaka bila idhini ya nchi inayozipokea. Mfanyabiashara mdogo ambaye mzigo wake umezuiwa bandarini anajua gharama ya kila siku inayopita.

NA MKULIMA JE?

Mkulima asiyewahi kusafiri naye anahusika, kwani vyombo vyake vingi ni vya plastiki. Bomba la kunyunyizia dawa la mgongoni kwa kawaida lina tangi la polithini ngumu, lakini pete zake za kuzuia mvujo ni za mpira. Petroli na mafuta ya taa huvimbisha aina nyingi za mpira, na bomba huanza kuvuja. Kinachotakiwa ni kulisuuza kwa maji safi mara tatu baada ya kazi, maji hayo yakipitishwa hadi kwenye pua yake na kumwagwa shambani kwenye mimea iliyonyunyiziwa, si mtoni.

Dumu la dawa ya kuua wadudu halisafishiki kwa kiyeyushi chochote likafaa kwa maji ya kunywa, maziwa au mafuta ya kula. Sumu hupenya ndani ya plastiki yenyewe na kutoka kidogo kidogo. Mashirika ya FAO na WHO hushauri madumu hayo yasuuzwe mara tatu na kutobolewa ili yasitumike tena.

Vyombo vya maziwa na asali visiguswe na mafuta ya taa hata kwa lengo la kuondoa stika. Plastiki hunywa harufu, na mafuta yaliyomo kwenye maziwa huichukua. Hapo mafuta ya kupikia, maji ya moto na sabuni ndiyo dawa, na chombo kikiwa na mikwaruzo mingi ndani, kibadilishwe.

Kwa aliye ughaibuni, kabla ya kulipa inafaa amwonyeshe muuzaji namba iliyoandikwa kwenye simu na kumuuliza kama ndiyo iliyomo kwenye chupa. Kuuliza si ujinga, na namba 67-63-0 haihitaji mkalimani.